Jiwe la Generosa

"Inua ulimi," alisema Bujiku, ingawa ulimi ulikuwa umeshainuliwa.

Donatus hakuhitaji kuambiwa. Kwa miaka saba, kila alipotoka kazini, alisimama mbele ya askari wa ukaguzi kwa namna hiyo hiyo: mikono juu, vidole vimeachana, mdomo wazi, ulimi umegusa kaakaa. Kisha hugeuka na kuonyesha nyayo, wa kulia kwanza, wa kushoto baadaye. Mgodi wa almasi hauna imani na mtu. Hata suruali za kazi wanazogawiwa, mifuko yake imeshonwa ikafungwa, na ukimwona mwanamume anazurura mjini Shinyanga hajui mikono aiweke wapi, usimcheke. Huyo ametoka mgodini.

"Nyayo safi," Bujiku alisema. "Umeoga leo, Donatus. Kweli Noeli imefika."

"Noeli ya kwetu si mchezo, Bwana Bujiku."

Alijibu kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake. Ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na tatu Desemba, mwaka wa hamsini na tatu. Mfukoni mwa shati lake la Jumapili ilikuwamo karatasi ya likizo ya wiki tatu. Tangu aanze kazi alikuwa amefika kwao Ushirombo mara moja tu, peke yake, siku tatu za kumzika baba yake. Sasa alikuwa anakwenda na mkewe Philomena na mabinti zake wawili, Generosa wa miaka sita na Melania wa miaka mitatu. Wote wawili walizaliwa ndani ya uzio wa kambi na hawakuwahi kutoka nje yake. Bibi yao hakuwahi kuwaona. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga utando, na katika barua aliyomwandikisha katekista alisema waziwazi kwamba asipowaona Noeli hii, nyingine atawapapasa tu.

Basi la Kahama lilipita langoni Jumatano na Jumamosi. Lingefika saa tano. Saa nne ilikuwa bado haijagonga.

Bi Mwamvua, mama wa Kitabora aliyekagua wanawake na watoto, alikwisha kupitisha vidole kwenye pindo la kila gauni na kila kona ya khanga. Alikwisha kumimina mchele wa zawadi kwenye ungo, akaupepeta na kuurudisha kapuni. Ilibaki midomo. Philomena alifungua, akapita. Ikaja zamu ya Generosa.

Hapa lazima tumseme Donatus kidogo, kwa sababu chanzo ni yeye.

Mama yake, Bibi Anisia, alikuwa na desturi aliyoianzisha mwenyewe tangu mapadri walipomfundisha kujenga pango la Noeli. Kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu, alifinyanga pango la udongo barazani kwake, akaweka ndani yake Mtoto Yesu wa udongo, wazazi wake na ng'ombe mwenye pembe za miiba. Mbele ya pango alipanga mawe madogo. Kila mtoto na kila mjukuu alikuwa na jiwe lake, lililookotwa mahali alipozaliwa, nalo lilihifadhiwa ndani ya kibuyu mwaka mzima. Mkesha wa Noeli kila mmoja alilishika jiwe lake na kulipanga kwa mkono wake. La Donatus lilikuwa jeusi, lenye mstari. La kaka yake Marcel lilitoka Kahama, jekundu kama tofali. Mtu ambaye jiwe lake halipo, Bibi alisema, Mtoto Yesu atajuaje kwamba naye yumo?

Wiki ile yote Donatus aliwasimulia wanawe habari hizo wakila. Alisimulia vizuri, maana alikuwa na kiu ya kwao. Kitu kimoja hakukiwaza hata mara moja: kwamba kwa mtoto wa kambi ile, jiwe ni mwiko. Kambini hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuokota hata kokoto. Mama zao waliwafundisha kwa fimbo kutembea mikono nyuma. Generosa akidondosha ushanga wake uani, alisimama pale pale akamwita mama yake aje ashuhudie unavyookotwa. Mtoto kama huyo unamwambia kwamba bibi yake atamdai jiwe la mahali alipozaliwa, unategemea alale usingizi?

"Fungua mdomo, mama," alisema Bi Mwamvua.

Melania wakati huo huo aliivuta khanga ya Bi Mwamvua kutoka nyuma, akitaka naye akaguliwe. Bi Mwamvua akageuka, akacheka, akamwambia angoje. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Lakini Donatus alikuwa akimtazama binti yake, akaona shavu la kushoto likisogea, midomo ikibana, na koo dogo likipanda na kushuka.

"Amemeza," alisema.

Alisema kwa sauti, kwa heshima, kama anayetoa taarifa kwa msimamizi wa zamu. Neno lilitoka kabla hajalijua. Alipolisikia alitamani kulishika mkia alirudishe, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bi Mwamvua aligeuka. Bujiku aliacha kucheka. Philomena alimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na Generosa, mdomo wake sasa umefunguka wazi na hauna kitu ndani, alimtazama vile vile.

*

Waliwekwa chumba cha kungojea. Kilikuwa cha mabati, na dirisha lake lilikuwa la wavu wa chuma. Ndani kulikuwa na mikeka miwili na ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia. Mtu akishukiwa kumeza jiwe hukaa humo, hunyweshwa mafuta ya nyonyo, na kila kinachotoka tumboni mwake huoshwa kwenye chekeche mpaka jiwe lionekane. Donatus alizijua habari hizo. Hakuwahi kufikiri kwamba ndoo ile ingekuja kuwa ya mwanawe.

"Bi Mwamvua alikuwa amegeuka," Philomena alisema.

"Najua."

"Hakuona, Baba Generosa. Mtu pekee aliyeona ni wewe. Ungenyamaza, tungekuwa tunapakia mizigo."

"Wangegundua kwenye lango la pili, huko nako hukagua. Unamkumbuka Selestine? Ndugu yake aliona akanyamaza. Wamefungwa wote wawili."

"Selestine alimeza almasi. Mwanangu kameza kokoto."

"Unajuaje?"

Philomena hakujua, wala Donatus hakujua. Hapo ndipo hofu ilipowaingia barabara, maana katika ardhi ile lolote liliwezekana. Watu walichimba ekari nzima wasipate kitu, na mbuzi akaparua kwa kwato yake akafukua jiwe la kununua mji.

Donatus alichuchumaa mbele ya binti yake. "Lilikuwaje, Gene? Hilo jiwe. Mwambie baba."

Generosa alimgeukia mama yake. "Lilikuwa jeupe," alimwambia mama yake. "Dogo. Niliokota nyuma ya choo."

"Linang'aa?"

"Kidogo, mama. Kwenye jua."

"Na kwa nini uliokota, mwanangu? Si unajua?"

"Bibi ataniuliza jiwe langu. Nikikosa, Mtoto Yesu hatajua kama nimo."

Donatus aliinuka akaenda dirishani. Alijionea aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mdomo huponza kichwa, walisema wazee. Wa kwake ulikuwa umeponza mara mbili, wiki nzima ukisimulia na leo ukichongea. Alisimama hapo mpaka honi ya basi la Kahama ikalia langoni, mara mbili, kisha mngurumo ukapungua kuelekea barabara kuu. Melania alilipungia mkono lile dirisha la wavu, akidhani basi linamwona.

Mafuta ya kwanza Generosa aliyatapika. Ya pili aliyameza, kisha akakaa juu ya mkeka, magoti kayakumbatia, kijasho kinamtoka. Hakuitaka ile ndoo. Mtoto akiamua kubana, amebana. Mama yake alimsihi, Bi Mwamvua alimwimbia, yeye alitikisa kichwa. Kwa baba yake hakuitika chochote, hata alipomwita kwa jina lote.

*

Alhamisi asubuhi Mzungu mkuu wa ulinzi alikuja, kofia mkononi, hakuketi. Hakuwa na ukali wa kupiga kelele. Aliongea taratibu kana kwamba anasoma bei dukani.

"Wewe mfanyakazi mzuri, Donatus. Wewe mwenyewe umesema, hiyo nimeandika. Lakini jiwe nataka. Jumamosi asubuhi hakuna jiwe, hakuna likizo, hakuna kazi. Mtakwenda polisi Shinyanga, wataangalia wao."

"Na mtoto, bwana?"

"Na mtoto."

Saa sita mchana wake tumbo la Generosa lilishindwa. Bujiku alibeba ndoo mpaka kwenye karai la maji chini ya kijua, hatua kumi kutoka dirishani, akachukua chekeche. Alikuwa mtu wa lango huyo, mtu wa kupapasa nguo na kupiga soga. Alikwisha kukagua maelfu ya watu ila hakuwahi kuosha changarawe siku moja. Alilizamisha chekeche lote, akalitikisa huku na huku kama anayechunga unga wa ugali, uso kaugeuzia pembeni kwa sababu ya harufu. Maji machafu yalifurika juu ya ukingo, yakamwagikia mtaroni.

Donatus aliyashika matundu ya wavu kwa vidole.

"Bwana Bujiku! Usitikise hivyo, linaruka juu ya ukingo!"

"Nyamaza, Donatus. Wewe ndiye mshukiwa, huruhusiwi kuchungulia."

"Nakwambia utalimwaga!"

Lakini Bujiku alikuwa amemaliza. Ndani ya chekeche kulikuwa na mbegu za nyanya na kipande cha ganda la mahindi. Jiwe halikuwepo. Huenda lilikuwa bado tumboni. Huenda lilikuwa limepita juu ya ukingo, limelala mtaroni kati ya kokoto elfu, na kama ni hivyo basi wangeweza kukaa mle ndani mpaka Pasaka wakingoja kitu kilichokwisha kutoka.

Philomena alilijua hilo kwa kumtazama mumewe tu. Alikaa chini, akamlaza Generosa mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu jana akalia, machozi yakidondoka juu ya nywele za mtoto bila sauti.

*

Noeli iliwakuta humo.

Asubuhi walisikia kengele ya kanisa la kambi, kisha nyimbo. Waliweza kutambua sauti za majirani mmoja mmoja. Melania alicheza peke yake katikati ya chumba. Halafu alisimama akauliza swali ambalo wakubwa walikuwa wakilikimbia tangu alfajiri.

"Mama, Noeli yetu iko wapi?"

Philomena alitazama huku na huku. Bujiku alikuwa ameleta ugali wa uwele kwenye sufuria, bado wa moto, na mchuzi wa maharage. Aliuangalia ule ugali kwa kitambo, kisha akanawa mikono.

"Iko hapa," alisema. "Sogeeni."

Alikata tonge akalifinyanga. Likatokea kichwa, likatokea mtandio. "Huyu ni Bikira Maria." Tonge la pili likawa Yosefu, mrefu, anayeegemea kidogo kwa sababu ugali ulikuwa laini. Melania aliomba ng'ombe, akafinyanga wa kwake, mwenye miguu mitatu. Philomena alikilaza kifuniko cha sufuria ubavu, kikawa pango. Mwisho alitengeneza mtoto, mdogo kama haragwe, akamlaza juu ya kijiko.

Generosa alijivuta taratibu kutoka kwenye mkeka wake. Aliangalia muda mrefu.

"Hakuna mawe," alisema.

"Leo hakuna," mama yake alijibu.

Donatus naye alikuwa amekaribia. Alichukua tonge dogo, akaliviringisha kati ya viganja mpaka likawa duara, akaliweka mbele ya pango. Akaviringisha la pili. "Hili la Gene," alisema kwa upole. "Hili la Mela."

Generosa alilichukua lile tonge la kwanza, akalirudisha kwenye sufuria. Donatus alikubali, maana alistahili.

Waliimba wimbo mmoja. Hapo ndipo Bi Mwamvua alipoingia na chupa ya mafuta, akasimama mlangoni. Aliutazama ule mji wa ugali, akatazama nyuma kama Bujiku yuko karibu, akashusha pumzi.

"Nisameheni," alisema. "Kitu chochote kinachofinyangwa humu lazima kivunjwe, kisije kikaficha kitu. Bwana akiuliza nitaapa nini?"

"Kazi ni kazi, Bi Mwamvua," Philomena alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika.

Bi Mwamvua alichuchumaa. Alimvunja Yosefu katikati, akatazama. Alimvunja ng'ombe wa Melania, na Melania, badala ya kulia, alikichukua kichwa akakitia mdomoni. Alimbonyeza Maria mabegani tu, kidogo. Alipofika kwenye kijiko, vidole vyake vilisimama.

"Huyu ni Nabii Isa," alisema. "Huyu simvunji. Nitasema nimemkagua."

Akainuka haraka, akamnywesha Generosa mafuta, akatoka bila kugeuka nyuma.

Kabla ya saa saba, tumbo lilifunguka tena.

Safari hii Donatus hakungoja. Alipomwona Bujiku akilichukua chekeche, alibandika uso wake kwenye wavu.

"Bwana Bujiku, nisikilize. Nipeleke polisi baadaye ukitaka, lakini sasa nisikilize. Mimi nimeosha changarawe miaka saba. Usilizamishe lote. Acha ukingo uonekane juu ya maji, vidole viwili."

Bujiku alisita. Alitazama kuelekea nyumba ya Mzungu, akaona moshi wa jiko na hakuna mtu. "Vidole viwili," alisema.

"Sasa lishushe, lipandishe. Polepole. Chini, juu. Usitikise pembeni. Yaache maji yafanye kazi, wewe ushike tu. Chini, juu. Sasa lizungushe kidogo, nusu mzunguko, usimame. Tena."

Mikono ya Donatus mwenyewe ilikuwa ikisogea hewani ndani ya chumba, ikishuka na kupanda. Kwa dakika chache zile alisahau alipo. Ilikuwa kazi aliyoijua, kazi nzuri, na aliifundisha vizuri. Kisha akakumbuka kilichokuwa ndani ya chekeche kimetoka wapi, na mikono ikaanguka.

"Nimeliona," Bujiku alisema.

Alilitoa kwa ncha za vidole, akalisuuza, akaliinua juani. Lilikuwa jeupe, lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Lilimetameta. Philomena aliushika mkono wa mumewe kwa nguvu mpaka ukauma.

Donatus alilitazama jiwe namna alivyotazama mawe miaka saba. Almasi haipendi maji. Ukiitoa kwenye karai, maji huitelezea na kuiacha kavu kana kwamba haikuzama. Lile la Bujiku lilikuwa limelowa. Tone lilining'inia chini yake, likang'ang'ania, halikutaka kudondoka.

"Kokoto," Donatus alisema. "Ni kokoto, Mama Generosa. Kokoto la nyuma ya choo."

Mzungu aliitwa mezani kwake, akaja akitafuna. Alilitazama kwa kioo, akasema neno lile lile kwa lugha yake. Kisha alilitumbukiza ndani ya bahasha ndogo, akaandika tarehe.

"Bwana, si ni kokoto tu?" Bujiku aliuliza. "Mtoto amelisumbukia. Tumrudishie?"

"Kokoto ya mgodi," Mzungu alisema, akailamba bahasha na kuifunga.

*

Jumamosi walikaguliwa upya. Generosa alifungua mdomo tangu akiwa hatua tatu kabla ya meza, akainua ulimi bila kuambiwa. Alipokuwa amesimama hivyo hakumtazama Bi Mwamvua. Alimtazama baba yake, mpaka alipoambiwa inatosha.

Ndani ya basi alikaa upande wa mama yake. Melania alipiga kelele kwa kila ng'ombe na kila mbuyu. Generosa alitazama barabara. Walilala Kahama kwa shemeji wa Philomena, na Jumapili alasiri, wakiwa wamejaa vumbi, walishuka Ushirombo na kushika njia ya miguu kupita mashamba ya mihogo. Donatus alibeba kapu la mchele na sanduku. Alijaribu kumpa binti yake kidole akishike, kama walivyozoea wakienda kanisani. Generosa alikuwa ameifunga mikono yake nyuma.

Bibi Anisia alisikia hatua akatoka barazani, mkono mmoja kwenye nguzo.

"Donatus, ni wewe? Nilisema mmeliwa na simba. Noeli imepita siku mbili."

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Tulicheleweshwa."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikushike, macho yangu yamekwisha."

Aliweka chini mizigo, akamsogelea. Vidole vya mama yake vilipanda kifuani, vikafika kidevuni, vikagusa midomo.

Mdomo wa Donatus ukafunguka. Mikono yake ikapanda juu, vidole vikaachana, ulimi ukagusa kaakaa. Alisimama hivyo katika kiwanja cha baba yake, katikati ya kuku, akingoja aambiwe ageuke.

"Kuna nini?" Bibi alicheka, kidole chake kikiwa juu ya meno ya mwanawe. "Una njaa, nikulishe? Au jino?"

Philomena aliinamisha uso. Melania alicheka kwa sababu Bibi alicheka. Donatus aliishusha mikono, akafunga mdomo, na moyo wake ulimwuma kuliko siku zote tatu za chumba cha mabati.

"Jino, mama," alisema.

Bibi aliwapapasa wajukuu mmoja mmoja, kichwa, masikio, magoti, akiwaita mama kwa lugha ya kwao: "mayu, mayu, mmekuja." Kisha aliwashika mikono akawapeleka kwenye kona ya baraza. Pango lilikuwapo bado, kwa kuwa Bibi huwa halibomoi mpaka sikukuu ya Mamajusi ipite. Mawe yalikuwa yamepangwa nusu duara. Jiwe jeusi lenye mstari lilikuwapo, na jekundu la Kahama. Kati yake kulikuwa na mapengo mawili, na udongo wa hapo ulikuwa umelainishwa kwa kidole.

"Nimewawekea nafasi," Bibi alisema. "Haya, mkubwa anaanza. Lete jiwe lako."

Generosa alinong'ona. "Sina, Bibi."

"Huna?"

"Walichukua."

Bibi hakuuliza ni nani. Labda alidhani ni wezi wa njiani. Alifikiri kidogo, mkono wake ukimpapasa mtoto kisogoni.

"Basi okota la hapa. Kiwanja kizima hicho kimejaa mawe. Si inasemwa mahali mtu alipozaliwa? Kwangu mimi umezaliwa leo."

Generosa alishuka kutoka barazani. Alisimama uani, mikono nyuma. Kweli kiwanja kilijaa mawe: meupe, ya kahawia, mengine yenye chembe ndogo zilizoshika jua la jioni. Alilichagua moja kwa macho. Donatus aliona macho yake yalipotua. Lilikuwa jeupe, dogo. Lakini hakuinama. Aliinua uso akamtazama baba yake, na baada ya siku nne akazungumza naye.

"Nikiokota," aliuliza, "utasema?"

"Sisemi, mwanangu."

Generosa alimtazama tu. Hakumwamini, na Donatus hakuwa na cha kumlaumu, maana alijua ule ulimi wake haukuwa wake peke yake. Aliitazama mikono midogo iliyoshikana mgongoni, imebanana mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Basi akageuka. Alimpa binti yake mgongo, akatazama mihogo, akatazama njia waliyojia ambayo hakuna mtu aliyepita, akafumba macho vilevile kwa usalama. Alingoja. Kuku walikwaruza. Kisha akasikia nyayo ndogo zikikimbia kupanda baraza, na nyuma yake, polepole, jiwe likigusa jiwe.